Kwa matabibu wapya: aliyeumwa mtini na hajavimba

Kila mvua zinapoanza Dodoma tunaliona lile lile. Mrina asali kaumwa na nyoka akiwa juu ya mti, hajavimba, hana maumivu makali. Tabibu mpya anamchoma chanjo ya pepopunda, anaongeza diklofenaki ya maumivu, anamwambia arudi akijisikia vibaya. Wadogo zetu, hapo mmekosea mara tatu, na mgonjwa bado yuko mlangoni.

1. Acheni kuanza na swali la rangi. Ulizeni mkono ulikuwa wapi. Chini kwenye majani makavu, mfikirie kifutu. Kwenye tawi, tunduni au kwenye kiota, wafikirieni nyoka wa miti wenye meno ya sumu nyuma ya kinywa, maana huko ndiko wanakowinda vinyonga na makinda ya ndege. Wa kwanza ni Dispholidus typus: kichwa kifupi, macho makubwa kupita kiasi. Dume mara nyingi ni kijani, jike kahawia, mtoto kijivu mwenye macho ya kijani yanayong'aa. Kwa hiyo jibu la "alikuwa kahawia" halimwondoi. Wa pili ni wa jamii ya Thelotornis, wa vichaka na misitu: mwembamba kama kijiti kikavu, mboni ya jicho imelala mithili ya tundu la ufunguo. Anaweza kutulia tawini mtu akamshika akidhani ni ukuni. Wote wawili wakichokozwa huvimbisha shingo. Na msimwamini anayesema meno ya nyuma hayafiki. Kinywa hicho hupanuka kiasi cha kuuma hata mkono wa mtu mzima.

2. Hili ni kosa letu sisi tuliowatangulia, na tunalisema wazi kwa sababu mmelirithi kwetu. Tuliwafundisha kwamba asiyevimba baada ya saa chache kaumwa bila sumu kuingia. Tulilitoa kwa kifutu, ambaye sumu yake haijifichi: mguu unajaa, malengelenge yanatoka, mgonjwa analia. Tukaligeuza kuwa sheria ya nyoka wote. Sumu ya nyoka hawa wa miti haina haja na nyama ya mguu. Inaamsha protrombini, protini inayoanzisha kuganda kwa damu, na fibrinojeni, ile inayogeuka nyuzi za kugandisha, inatumika kutengeneza vibonge vidogo vidogo mpaka inakwisha, na damu iliyobaki haigandi tena. Kazi hiyo yote inafanyika mgonjwa akiwa amekaa kwenye benchi akiongea. Baada ya saa kadhaa, pengine siku ya pili, ndipo kichwa kinauma, fizi zinatoka damu, kovu bichi linachuruzika, mkojo unakuwa mwekundu. Karl P. Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa kidole gumba na mtoto wa Dispholidus tarehe 25 Septemba 1957. Fizi zilitoka damu usiku, asubuhi akajiona nafuu, akala kifungua kinywa. Alasiri hiyo alikuwa amefariki. Kama mtu aliyewajua nyoka kiasi hicho alidanganywa na nafuu ya asubuhi, sisi tulipata wapi ujasiri wa kumruhusu mkata kuni wa Mpwapwa kurudi nyumbani kwa sababu mkono wake haujavimba?

3. Jibu liko kwenye chupa ndogo ya kioo. Chota mililita 2 za damu ya mshipa, weka kwenye chupa mpya, safi na kavu. Iache dakika 20 bila kuitikisa, kisha ilaze mara moja. Ikimwagika kama maji, damu haigandi. Plastiki haifai, na chupa iliyooshwa kwa sabuni haifai pia: zote mbili huzuia hata damu ya mtu mzima wa afya kuganda, nawe utampa rufaa asiyeumwa. Kama unaishuku chupa yako, weka damu ya ndugu aliyemsindikiza kwenye chupa ya aina hiyo hiyo, zikae pamoja. Damu ya mgonjwa ikiganda, usifurahi bado. Rudia kila baada ya saa 6, na ukimshuku nyoka wa miti mlaze saa 48.

4. Pepopunda isubiri mpaka damu igande, kwani sindano ya msuli itavuja ndani. Maumivu: paracetamol tu, kamwe si diklofenaki wala aspirini. Msichanje, msifunge kamba.

5. Dawa moja inayotibu sumu za nyoka wa aina nyingi, hata ile nzuri ya Afrika Kusini, haimgusi Dispholidus. Yeye ana dawa yake peke yake, inayotengenezwa huko huko Afrika Kusini, na Thelotornis hana kabisa. Msimalizie chupa za dawa ya kifutu kwa mgonjwa wa mtini. Anachohitaji ni hospitali yenye benki ya damu, apelekwe mapema, kabla fizi hazijaanza kuvuja. Kwenye barua ya rufaa andikeni saa aliyoumwa, mkono ulikuwa wapi, na saa ya kila chupa mliyoilaza pamoja na jibu lake.