Wiki ya bima kazini, anza na mambo ya nyumbani kwa watu

Niko HR kwenye kiwanda kimoja huku Pongwe, Tanga, na kila Novemba tunaandikisha wafanyakazi bima ya afya upya maana mkataba unaanza Januari. Mwaka wa kwanza niliboronga vibaya. Nikabandika tangazo kantini, nikaweka meza pale pale karibu na birika la chai, jamani mna wiki mbili, fomu hizi hapa. Wiki nzima ya kwanza walikuja watu kumi na moja, siku ya mwisho wakaja wote kwa mpigo, wengine ndo wanatoka shifti ya usiku macho mekundu na picha ya mtoto hawana.

Ila foleni si kitu. Kuna kaka mmoja wa stoo alijaza mke na watoto wawili akaondoka zake, jioni natoka namkuta getini kashika baisikeli ananisubiri, "Dada samahani, kuna mtoto wa tatu, yuko Muheza kwa mama yake." Pale mezani angesemaje wakati shemeji yake alikuwa nyuma yake kwenye foleni na kikombe mkononi? Toka siku ile meza ya kantini nimeifuta. Mtu anaingia ofisini peke yake, mlango unafungwa, na kila mtu namuuliza vile vile, awe bosi awe mfagiaji: watoto wangapi, wa ndani na wa nje? Nauliza kama naulizia saizi ya buti. Wanaongea, tena wengine wanaongea mpaka nisiyoyauliza.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, kadi ya kliniki Mwanaid, baba mtu kwenye fomu kaandika Mwana basi, na kwa mtu wa bima hao ni watoto watatu. Kwa hiyo vyeti naviomba Septemba, sio Novemba, mtu apige picha na simu anitumie, maana asiye na cheti inabidi afuatilie RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, na hiyo sio kazi ya siku mbili. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ya mke au mume nayo hivyo hivyo, inyofoe mapema.

Kwenye makato usiwatajie asilimia, watu wanataka shilingi. Mimi naandika mfano ubaoni: mshahara laki nne, NSSF (mfuko wa pensheni) elfu arobaini, ukimuongeza mzazi kwenye bima unakatwa kiasi hiki, mkononi unabaki na hiki. Wengi wanadhani NSSF ndo bima yenyewe, sasa wakiona mistari miwili ya makato wanasema wanaibiwa, na ukichelewa kueleza hilo utalieleza Februari kwa watu waliokasirika. Shifti ya usiku nawafata mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajapanda daladala. Na tangazo natuma kwa voisi kwenye grupu, ile PDF hafungui mtu.

Kabla ya kutuma orodha, kila mtu anasoma mstari wake na kusaini. Mwaka jana pamoja na yote hayo kadi mbili zilirudi na makosa, moja ni ya mume wangu, nilimwandika mwanamke.