Kabla Hujatia Sahihi Kwenye Mkutano wa Mradi

Ukiitwa kwenye mkutano wa mradi hapa Lamu, karatasi ya kwanza kukufikia huwa ni orodha ya mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Nimehudhuria mikutano hii tangu habari za bandari mpya ya Lamu zianze, na jambo hili hunikera hadi leo. Orodha ile yaweza kutolewa kesho kama ushahidi kwamba mlishauriwa mkaridhia. Andika kando ya jina lako, "Nimehudhuria tu, sijaridhia," kisha ipige picha kwa simu.

Hilo ni jepesi. Kazi hasa ni kuyaandika mnayoyajua kabla wageni hawajaja na ramani zao.

Chukua uvuvi. Mtaalamu akija wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ataona vyombo vinatoka nje ya miamba, na ataandika kwamba wavuvi wana bahari pana. Lakini kusi, upepo mkali wa kusini, likishika kuanzia Aprili, mwenye mtumbwi au dau dogo hathubutu kutoka. Riziki yake yote imo ndani, kwenye mikondo na mikoko baina ya visiwa vya Manda na Pate. Kuchimba humo ili meli kubwa zipite ni kumfungia jiko. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, lakini kesi ilikuwa imeanza miaka mingi nyuma, na samaki hawasubiri hukumu.

Kwa hiyo kaeni na wazee wa bahari. Kila mahali paandikwe jina lake, nani huvua pale, kwa wavu, mshipi au malema (mitego ya samaki), na msimu gani. Kijana mwenye simu aende nao chomboni achukue vipimo vya mahali (GPS). Kina mama waulizwe peke yao, tafadhali, kwa sababu mbele ya waume, wengi wao hunyamaza, na wao ndio wajuao visima vya maji matamu na mahali pa kukata mkoma wa ukili. Kwa ndugu zetu Waaweer wa msitu wa Boni, njia za asali ni ushahidi wa umiliki sawa na shamba lililopandwa. Ila mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, msiandike. Siri ya msitu si ya faili la ofisi.

Kuna wanaosema haya hayasaidii. Lakini tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni za mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa mahali paitwapo Kwasasi, hapa Lamu. Sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanywa kabla ya utafiti wa athari, na matokeo yalipotoka watu hawakurudiwa. Basi ulizeni kila mara: ripoti iko wapi, na mbona haiko kwa Kiswahili?

Mkimaliza, pelekeni nakala kwa barua kwa serikali ya kaunti na kwa mamlaka ya mazingira (NEMA), nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa hata hivyo, sheria inawapa siku 60 kukata rufaa, kwa hiyo mtafuteni wakili wiki ile ile.