Maswali na Majibu: Uchumi wa Kurdistan ya Iraki

Swali: Kurdistan ni nchi au ni mkoa wa Iraki?

Ni eneo lenye madaraka ya ndani linalotambuliwa na Katiba ya Iraki ya mwaka 2005. Lina bunge, serikali yake mjini Erbil na askari wake, Peshmerga. Lakini sarafu ni dinari ya Baghdad, na ukubwa wa fungu lao la bajeti huamuliwa na Baghdad.

Swali: Wenye mafuta mengi hivyo, iweje walimu wao wagome kwa kukosa mishahara?

Kwa sababu kuwa na mafuta ni jambo moja na kuruhusiwa kuyauza ni jingine. Mwaka 2014 Baghdad ilizuia fungu la eneo hilo, ambalo kwa makubaliano lilikuwa asilimia 17, nayo Erbil ikaendelea kuuza mafuta kwa njia yake kupitia bomba linaloishia bandari ya Ceyhan, Uturuki. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikabatilisha sheria ya mafuta ambayo Wakurdi walijitungia mwaka 2007. Machi 2023, baada ya Iraki kuishinda Uturuki katika usuluhishi wa kimataifa, bomba likafungwa, na halikufunguliwa hadi Septemba 2025. Wakati huo wote, watu zaidi ya milioni 1, wastaafu wakiwamo, walikuwa wakitegemea hazina ya serikali katika eneo lenye wakazi milioni 6 na ushei. Mwalimu asipolipwa, muuza mboga humwandika kwenye daftari la deni, na muuza mboga naye hushindwa kumlipa mwenye jenereta ya mtaa, anayeuza umeme kwa ampea. Kwa maoni yangu kikwazo kikubwa kipo hapa, yaani serikali kuwa mwajiri wa karibu kila nyumba, kuliko kwenye bomba lenyewe.

Swali: Je, hawawezi kurudi shambani?

Ardhi ipo, mvua hunyesha milimani, na mabwawa ya Dukan na Darbandikhan yapo tangu miaka ya 1950 na 1960. Ila katika kampeni ya Anfal ya mwaka 1988 utawala wa Saddam Hussein uliteketeza vijiji kwa maelfu, na waliosalimika wakahamishiwa kandokando ya barabara kuu. Kisha, kuanzia mwaka 1996, mpango wa Umoja wa Mataifa wa mafuta kwa chakula, ulioiruhusu Iraki kuuza mafuta ili inunue chakula, ukaleta unga wa ngano kutoka nje, na mkulima wa ngano akakosa mnunuzi nyumbani kwake. Leo Halabja ina makomamanga yanayosifiwa Iraki nzima, lakini yakiiva hukuta sokoni matunda kutoka Uturuki na Iran.

Swali: Wawekezaji je?

Sheria ya mwaka 2006 iliwapa msamaha wa kodi wa miaka 10, na fedha nyingi zikaishia kwenye majumba na maduka makubwa. Mgawanyiko wa vyama viwili vikuu vya Wakurdi, KDP upande wa Erbil na Duhok, PUK upande wa Sulaymaniyah, haumsaidii mfanyabiashara asiye na mtu wake ndani.

Swali: Tumaini lao liko wapi basi?

Kwenye mpaka wa Ibrahim Khalil, unaopitisha malori ya Uturuki hadi Baghdad, na zaidi kwenye gesi ya kisima cha Khor Mor, inayoendesha mitambo yao mingi ya umeme. Aprili 2024 droni iliishambulia Khor Mor na kuua wafanyakazi 4 raia wa Yemen. Uzalishaji ulisimamishwa, na wenye jenereta za mitaani wakapata wateja.