Degedege imepita, lakini mama bado halali

SWALI

Mshauri, salaam. Ninaishi Muheza, mkoani Tanga, na nina watoto wawili. Mwezi uliopita mwanangu mdogo, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minane, alilala akiwa na joto kidogo tu. Usiku wa manane nilimkuta macho yamegeuka juu, meno yameumana, mikono na miguu inakakamaa na kutikisika, povu linamtoka. Nilibaki kupiga kelele. Jirani alijaribu kumtia kijiko kinywani, mwingine akammwagia maji ya baridi, naye mama mkwe akashikilia kwamba degedege si ugonjwa wa hospitali na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Mume wangu hakumsikiliza, tukaondoka kwa bodaboda. Tulipofika mtoto alikuwa ameanza kulia. Alipimwa, akakutwa na malaria, akalazwa, na sasa anacheza kama zamani. Mimi ndiye sijapona. Usiku kucha naamka kumgusa paji la uso na kusikiliza pumzi zake, na mume wangu anasema nimezidisha. Je, ulikuwa uzembe wangu? Degedege itarudi? Na nifanyeje na mama mkwe, ambaye ndiye ninayemwachia mtoto nikienda sokoni?

Mama Z., Muheza

JIBU

Mama Z., pole sana, na umpe pole mume wako pia, kwa sababu baba anayekimbiza mtoto usiku wa manane naye hubeba jambo zito hata kama halisemi.

Hukuzembea. Degedege inayoletwa na homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, umri ambao ubongo bado unakua na hustahimili homa kwa shida. Katika kila watoto 100, kati ya 2 na 5 hivi huipata angalau mara moja. Mara nyingi hutokea saa za mwanzo za homa, na wapo wazazi wengi ambao hugundua kwamba mtoto ana joto baada ya degedege kuanza. Hata dawa ya kushusha homa, ambayo ni nzuri kwa kumpunguzia mtoto maumivu, haijathibitika kuzuia degedege isirudi, kwa hiyo usijilaumu kwamba laiti ungempa parasetamoli jioni ile yasingetokea.

Je, itarudi? Inawezekana. Takriban theluthi moja ya watoto waliowahi kuipata huipata tena katika homa nyingine, ila walio wengi huacha wanapokua, na ni wachache sana wanaokuja kuwa na kifafa. Hata hivyo, katika eneo lenye malaria kama lenu, kila degedege inahitaji kuchunguzwa hospitalini bila kuchelewa, hata kama imekoma yenyewe, kwa kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo na upungufu wa sukari mwilini vyote vinaweza kumtikisa mtoto kwa namna ileile, na hakuna mzazi anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Mume wako alifanya lililo sahihi kabisa.

Ikitokea tena, mlaze mtoto ubavu mahali salama, sakafuni ikiwezekana, ili mate na matapishi yatoke badala ya kumpalia. Legeza nguo za shingoni, ondoa vitu anavyoweza kujigonga navyo, wala usimbane viungo kwa nguvu. Usimtie chochote kinywani: mtoto hamezi ulimi wake, lakini kijiko huvunja meno na kuweza kumziba koo. Maji ya baridi hayakomeshi degedege. Kisha tazama saa, hata ya simu, kwa sababu katika hofu dakika moja huonekana kama nusu saa, na daktari atataka kujua ilichukua muda gani. Ikifika dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura inayohitaji dawa ya kuikomesha, ambayo vituo vya afya huweza kuitoa hata kwa njia ya haja kubwa. Kwa hiyo anayetafuta usafiri aanze kuutafuta tangu mwanzo, asisubiri dakika hizo ziishe. Mtoto akitulia atakuwa na usingizi mzito kwa muda. Usimnyweshe maji wala dawa mpaka azinduke vizuri.

Sasa niseme juu yako. Ulimwona mwanao katika hali ambayo wazazi wengi husema waliamini mtoto amekwisha kufa, na mwili uliopata mshtuko kama huo huendelea kukesha hata hatari ikiwa imepita. Hujazidisha. Lakini kumgusa paji la uso usiku kucha hakumlindi, ila kunakumaliza wewe. Kinachomlinda ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa, kupimwa malaria siku ileile homa inapoanza, na kumaliza dozi aliyoandikiwa. Mgawane usiku na mume wako, mmoja alale kweli huku mwingine akisikiliza. Tengeni nauli isiyoguswa kwa jambo lingine, pateni namba ya dereva wa bodaboda aliyekubali kuja usiku, na kadi ya kliniki ikae mahali mnapopajua nyote. Yule mtoto mkubwa pia, ikiwa aliona, aelezwe kwa maneno mepesi kwamba mdogo wake aliugua na ametibiwa. Watoto hunyamaza na hofu zao. Hofu yako ikipita mwezi mwingine bila kupungua, au ukishindwa kula na kufanya kazi, mweleze muuguzi wa kliniki wazi kama ulivyonieleza mimi.

Kuhusu mama mkwe, usimkabili kama adui. Imani kwamba sindano huua mwenye degedege ni ya zamani katika pwani yetu; watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliikuta, pamoja na desturi ya kumfukiza mtoto kwanza. Ninavyoona mimi, wazee waliona watoto wakifikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa mno, wakafa baada ya kuchomwa sindano, na lawama ikabaki kwa sindano. Azungumze naye mwanawe, si wewe, na siku ya kliniki mwende naye ili asikie kwa muuguzi mwenyewe. Mpeni kazi ya heshima: yeye ndiye wa kumlaza mtoto ubavu na kutazama saa, na dua aisome wakiwa njiani kwenda hospitalini. Mpaka atakapoliridhia hilo kwa kauli yake, siku ambayo mtoto ana homa usimwachie. Mwache kwa jirani anayeelewa, au soko lisubiri.