Kufunga uzazi, kuhasiwa au kukatwa mishipa?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya, naandaa kipeperushi cha vasektomi, yaani upasuaji mdogo wa kufunga uzazi kwa mwanaume. Mwenzangu mmoja anataka tuandike "kuhasiwa", mwingine "kukatwa mishipa". Lipi sahihi?

JIBU: "Kuhasiwa" liondoe kabisa. Kuhasi ni kutoa au kuharibu korodani, kama dume la ng'ombe linavyofanywa maksai. Katika vasektomi korodani haziguswi. Daktari huchoma sindano ya ganzi, hutoboa tundu dogo kwenye mfuko wa korodani, huvuta mirija miwili ya mbegu mmoja baada ya mwingine, huikata, kisha hufunga au huchoma ncha zake. Homoni ya kiume haipiti humo. Inaingia moja kwa moja kwenye damu, ndiyo maana hamu na nguvu za kiume hubaki palepale.

"Mishipa" nayo inapotosha. Msomaji atafikiria mishipa ya damu, na uume husimama kwa damu. Hofu inaanzia hapo. Kwa baadhi ya watu, hasa Pwani, mshipa ni ngiri au busha. Andika "mirija ya mbegu".

Jina la huduma yenyewe ningeliandika "kufunga uzazi kwa mwanaume", na vasektomi kando yake. "Kufunga kizazi" limeenea na si kosa, ila kwa wengi kizazi ni mji wa mimba, na mwanaume hana. Tena, chunga kauli ya kitenzi: "amefunga uzazi" ni mtu aliyeamua mwenyewe, lakini "amefungwa kizazi" wengi huisikia kama habari ya uchawi.

Ninaloliogopa zaidi ni kuchanganya mbegu na manii. Ukiandika "manii hayatatoka tena" umempotosha mtu, kwani sehemu kubwa ya majimaji hayo hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume. Sema: "Manii yatatoka kama kawaida, ila bila mbegu." Na si siku ileile! Mbegu zilizokwisha kupita mahali palipokatwa bado zimo njiani. Kwa hiyo sentensi ya pili iwe: "Tumia kondomu au njia nyingine kwa miezi 3, kisha manii yapimwe maabara, usiache njia hiyo kabla ya kupewa majibu kwamba hayana mbegu." Kipeperushi kinachoruka sentensi hiyo kitaleta mimba.

Neno "kudumu" lisikosekane. Kuunganisha mirija tena ni upasuaji mgumu, na hauna uhakika.