Tuliachana Bila Kuburuzana Mahakamani

Wiki hii msomaji ameniandikia kwamba mumewe amehama nyumbani, na ndugu zake wanamshinikiza: "Mpeleke mahakamani umkomeshe." Dada yangu, kabla hujamkomesha mtu, nisikilize.

Mimi na baba watoto tuliachana kwa mazungumzo. Kila mmoja alikuwa na wakili wake, na sote wanne tulitia saini kwamba mmoja wetu akikimbilia mahakamani kupambana, mawakili wote wawili wanajitoa na tunatafuta wengine. Utaratibu huo ulianzishwa mwaka 1990 na Stuart Webb, wakili wa Minnesota, Marekani, aliyechoshwa na vita vya kesi za talaka. Kipengele hicho ndicho kilichotushikilia. Kila nilipotaka kuinuka niondoke, nilikumbuka kwamba nitampoteza wakili anayenijua nje ndani, na gharama zitaanza upya. Mwenzangu naye hivyo hivyo.

Kikao kigumu kilikuwa cha fedha. Tulitakiwa kuweka mezani kila kitu: taarifa za benki, mishahara, pensheni, madeni. Mtaalamu wa hesabu, ambaye hakuwa wa upande wowote, alishuka na kalamu mstari kwa mstari mpaka ikasimama kwenye mkopo ambao sikuwahi kuusikia. Nikauliza, "Hizi zilienda wapi?" Kimya. Baadaye mwenzangu akajibu, na deni likaandikwa upande wake. Sikupaza sauti, na hadi leo najivunia hilo, ingawa mkopo ule bado unaniuma.

Ya watoto tuliyamaliza kwa ratiba: wanalala kwa nani siku gani, nani anapigiwa simu mmoja akiugua shuleni. Mahakama iliingia mwishoni tu, kuidhinisha makubaliano na kutoa talaka.

Kwa hiyo ongea, dada. Meza hasira, lakini fedha usifiche hata senti. Usiwafanye watoto tarishi wa ugomvi wenu. Kama anakupiga au kukutishia, njia hii si yako. Tafuta ulinzi wa polisi na mahakama mara moja. Lakini kama ni ndoa tu imefika mwisho, ongea. Ndugu wanaokuchochea hawatakulipia wakili. Ukienda kwa wakili, muulize kwanza kama yuko tayari kutia saini ya kujitoa mazungumzo yakivunjika. Akisitasita, tafuta mwingine.