Nataka kufungua gesti Jambiani, kiwanja kiandikwe jina la rafiki?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wenu kutoka Ukunda, Kenya. Nimefanya kazi hoteli za Diani tangu nimalize koleji, nilianza hausikipingi na saa hii niko risepsheni, hii kazi naijua. Nataka kuhamia Zanzibar nifungue gesti yangu ndogo pale Jambiani, vyumba vitano ama sita hivi. Niko na akiba kidogo na kuna shamba la urithi naweza kuuza. Sasa kuna rafiki yangu wa huko ameniambia kuna kiwanja karibu na bahari, na kwa vile mimi ni Mkenya kitaandikwa jina lake, halafu sisi wawili tuandikiane karatasi kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Anataka nitume diposti kabla mwezi uishe. Mamangu hataki hata kusikia. Lakini si tuko jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Nishauri tafadhali.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitume hiyo diposti. Na shamba usiuze kwanza, mengine tutaongea taratibu lakini hayo mawili nakuomba sana.

Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma, hata mwenyeji anapewa haki ya kuitumia tu, na mtu asiye Mtanzania anakodishwa kwa miaka maalumu kupitia serikali basi. Jumuiya haibadilishi hilo, itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010 imerahisisha watu kuvuka mipaka na kufanya kazi lakini ardhi imeachiwa sheria za kila nchi, kwa hiyo kwenye kiwanja wewe na Mtaliano mko sawasawa. Hiyo karatasi ya kwa sheha itaonyesha kweli mlikaa mkakubaliana, ila mlichokubaliana ni kuikwepa sheria, sasa siku mmekosana utaipeleka mahakama gani ikutetee? Simsemi vibaya rafiki yako, huenda ana nia safi kabisa. Lakini akifariki wanaokuja ni warithi wake, na wao hawakujui.

Halafu viwanja vya pwani vina mambo mengi. Kuna vya ukoo ambavyo havijagawiwa na wenyewe wametawanyika Dar, Mombasa, mpaka Muscat. Kuna eka zilizotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964, zina masharti yake. Na minazi iliyopo hapo juu inaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa, mti mbali ardhi mbali, ndivyo ilivyo Unguja tangu zamani. Dalali hakwambii hayo.

Sasa ufanyeje. Panda ndege au boti uje mwenyewe, ukifika nenda ZIPA, ile mamlaka ya uwekezaji, na Kamisheni ya Utalii, kabla hujaenda kuangalia nyumba yoyote. Swali lako liwe moja tu: malazi ya daraja hili, vyumba sita, raia wa Kenya anapewa leseni, na mtaji wa chini ni kiasi gani? Omba jibu kwa maandishi. Biashara ndogo ndogo za utalii serikali nyingi zinapenda ziwe za wenyeji, na jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha mpango wako wote, ukaambiwa uingie na mshirika Mzanzibari kihalali au uongeze mtaji, na ni afadhali ujue ukiwa bado na pesa mkononi. Ile amri ya Julai 2025 iliyokataza wageni biashara 15 ni ya Tanzania Bara, leseni za Zanzibar zina sheria zake, ila kazi ya kuongoza watalii imo kwenye ile orodha kwa hiyo wageni wako wakitaka kwenda hifadhi ya Mikumi kule Bara usiwapeleke wewe. Kibali cha kuishi na cha kazi ni safari nyingine, kuingia bila viza hakukupi ruhusa ya kukaa kaunta.

Wakikukubalia, kodi nyumba ambayo tayari ni gesti. Usijenge. Kodi mwaka mmoja au miwili, uipitishe masika yake, kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei mvua inapiga na hoteli nyingi zinafunga. Diani unayajua hayo, lakini kule ulikuwa unapewa likizo bila malipo unarudi kwa mama, hapa wewe ndio utakuwa unalipa kodi ya nyumba, mlinzi, na fundi wa makuti maana yakivuja hayasubiri. Angalia na Ramadhani, inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, 2026 ilianza Februari, yaani imeingia kwenye msimu wenyewe. Wageni watakula ndani ya geti na lazima uwaeleweshe mapema kabla hawajafika, kwa upole, mavazi ya kijijini pia.

Maji ya visima vya pwani ile mengi ni ya chumvi chumvi, utanunua ya boza, weka hesabu yake kila wiki. Umeme wa kisiwa unakuja kwa kebo chini ya bahari kutoka Bara, 2008 ilikatika kama mwezi mzima na mwishoni mwa 2009 ikakatika tena karibu miezi mitatu, kwa hiyo jenereta au sola sio anasa. Mitandao ya kubukia vyumba inakata kama asilimia 15 ya kila bukingi. Na picha ukipiga, piga maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, uziweke zote mbili, kwa sababu bahari ya Jambiani wakati wa bamvua inakwenda mbali mno na mgeni aliyelipia kuogelea atakuandikia maneno mabaya. Huko mbali ndiko kina mama wanalima mwani. Njia yao ya kwenda baharini usiizibe kwa ukuta wala kwa vitanda vya jua, walikuwepo kabla yako, na wengi wao watoto wao ndio utakaowaajiri.

SWALI: Babu yetu alituachia nyumba Mji Mkongwe, mimi nimezaliwa Muscat na nina pasi ya Oman. Naweza kurudi niifanye gesti?

JIBU: Kwanza hakikisha bado ni yenu. Nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali baada ya 1964, na nyingine ni wakfu, kaulize Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ikiwa ni yenu, warithi wote wakubali kwa maandishi. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hubadilishi mlango wala baraza bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, na kuta za mawe na chokaa usizipake saruji, zinashika unyevu zinaoza kwa ndani. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la humo humo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo na watu wakafa, kwa hiyo mtafute injinia anayezijua nyumba hizi akague boriti na paa kabla hujanunua hata kitanda kimoja.